Zana Hupimwa Siku Programu Inapoharibika

Wakutanishe watengenezaji programu wawili, na haitapita nusu saa kabla hawajaanza kubishana juu ya lugha, kihariri cha kuandikia msimbo (maandishi ya programu) au fremuweki, yaani kiunzi tayari cha kujengea programu. Ubishi huo una utamu wake, lakini mara nyingi huamuliwa kwa kigezo kisichofaa: ni zana ipi inayokufikisha upesi kwenye ukurasa wa kwanza unaofanya kazi. Kwa kigezo hicho karibu kila zana inashinda, maana kila anayetunga zana huhakikisha dakika kumi za kwanza ni tamu. Taabu huja baadaye. Programu ikishapata watumiaji, ikashika fedha na kumbukumbu zao, saa nyingi za kazi huishia kutafuta kwa nini kitu kilichokuwa kizima jana leo kimegoma. Mimi zana naipima siku hiyo. Inanionyesha palipoharibika au inapaficha? Inalikataa kosa mlangoni, au inalimeza na kulitema miezi sita baadaye likiwa limeenea kila mahali?

Kwa kipimo hicho, zana ninazozipenda zinatoka hivi: PostgreSQL na SQLite kwa data, lugha ya Go upande wa seva, lugha ya TypeScript ndani ya kivinjari pale tu inapohitajika, Git kwa historia ya msimbo, na maktaba (msimbo wa kuazima ulioandikwa na wengine) chache kadiri iwezekanavyo. Hakuna hapa kitakachomshangaza mtu, na nazitetea zote kwa moyo mmoja.

Naanza na hifadhidata kwa sababu ndiyo uamuzi mgumu kuliko yote kuutengua. Msimbo wa seva unaweza kuandikwa upya. Sura ya programu hubadilishwa kila baada ya miaka michache na watu wakaizoea. Data ikishaingia vibaya, basi. Jedwali lenye miaka minane ya malipo huwezi kulianza upya. Ndiyo maana nashangaa kuona timu ikijadili fremuweki ya kurasa kwa wiki mbili, kisha ikachagua hifadhidata kwa dakika tano.

PostgreSQL ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la sasa ililipata mwaka 1996. Umri huo una faida ya moja kwa moja kwa mtu aliye kazini: makosa mengi ambayo ningekutana nayo kwa mara ya kwanza, wengine walishakutana nayo, wakayaripoti, yakarekebishwa. Lakini kinachonifunga kwake hasa ni ukali wake. Ukiiambia safu fulani ni tarehe, haitapokea tarehe 30 Februari. Ukiiambia kila malipo lazima yawe na mteja, haitakuruhusu kumfuta mteja ukaacha malipo yake yakielea.

Watu husema masharti kama haya yanaweza kuwekwa kwenye msimbo. Tuangalie malipo kwa karibu. Mtu analipa kwa simu, mtandao unakatika katikati, na simu, kwa kuwa haikupata jibu, inatuma ombi tena. Maombi mawili yanafika kwenye seva karibu kwa wakati mmoja. Msimbo unauliza: je, malipo yenye namba hii yapo? Ombi la kwanza linajibiwa hayapo. La pili, likiuliza kabla la kwanza halijaandika, nalo linajibiwa hayapo. Yote mawili yanaandika, na mteja anatozwa mara mbili kwa msimbo ambao ukiusoma mstari kwa mstari hauna kosa. Kwenye kompyuta yako hutaliona tatizo hilo kamwe, kwa sababu ukiwa peke yako maombi hayagongani. Sasa weka sharti la upekee, UNIQUE, kwenye safu ya namba ya malipo. Hifadhidata ndiyo pekee inayowaona waandishi wote kwa pamoja, kwa hiyo moja kati ya yale mawili litakataliwa hata kama yamefika katika nukta ileile. Msimbo unapokea kosa hilo, unayasoma malipo yaliyokwisha kuandikwa, na kumrudishia mteja stakabadhi ileile. Kazi imekwisha kwa neno moja kwenye jedwali.

Linganisha na tabia za zamani za MySQL, hifadhidata nyingine. Kabla ya toleo la 5.7, lililotoka mwaka 2015, mpangilio wake wa kawaida uliruhusu maandishi marefu kuliko nafasi iliyotengwa yakatwe na kuhifadhiwa hivyohivyo, kwa onyo tu ambalo programu nyingi hazikulisoma. Sharti la CHECK, kwa mfano kwamba kiasi kisipungue sifuri, lilipokelewa bila malalamiko kisha likapuuzwa, hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Yaani uliandika kinga, ukaambiwa sawa, na kinga haikuwepo. MySQL ya leo imeachana na mambo hayo na inabeba mifumo mikubwa sana, lakini data iliyoingia miaka ile bado imo kwenye majedwali ya watu.

Kuna jambo la pili linalonifanya nishikamane na PostgreSQL, nalo ni amri ya EXPLAIN ANALYZE. Ripoti imeanza kuchukua sekunde nane. Unaweza kukisia: labda seva ni ndogo, labda mtandao ni mbovu. Au unaitanguliza amri hiyo mbele ya swali lako, na hifadhidata inalitekeleza kisha inakueleza ilipita njia gani. Ukiona "Seq Scan" juu ya jedwali la safu mlalo milioni mbili, na chini yake imeandikwa kwamba karibu zote zilisomwa na kutupwa, umeshajua: inapekua jedwali zima ili ipate safu mlalo chache, kwa sababu hakuna faharasa, yaani orodha ya kutafutia kama ile ya mwishoni mwa kitabu. Unaiongeza, unauliza tena, na pale palipokuwa na "Seq Scan" sasa pana "Index Scan". Inaonyesha hata idadi ya safu mlalo ilizotarajia kuzikuta dhidi ya zile ilizozikuta, na pengo kubwa kati ya namba hizo mbili hukuambia takwimu zake za ndani zimepitwa na wakati. Nimezitumia zana za gharama kubwa zenye grafu za kupendeza ambazo hazijafika nusu ya ukweli huo.

Wanaopenda hifadhidata za hati, zisizodai muundo, wana hoja: kuna data ambayo umbo lake halijulikani mapema. Kwa hiyo tangu toleo la 9.4, lililotoka Desemba 2014, PostgreSQL ina aina ya data iitwayo JSONB, nawe unaweza kuweka vitu visivyo na umbo kwenye safu moja huku zilizobaki zikishikwa kwa masharti. Kwa programu nyingi za kawaida hilo linatosha kabisa.

SQLite watu huidharau wakidhani ni ya mazoezi. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa akishughulikia programu ya meli ya kivita ya Marekani, programu ya kusimamia meli inapopata madhara. Seva ya hifadhidata iliyotumika wakati huo ikizimika, programu nzima ilikuwa haina maana, na aliona hakuna haja ya kuwa na seva pale pa kusoma data tu. Akatengeneza hifadhidata ambayo yote ni faili moja, bila seva wala msimamizi. Leo imo ndani ya kila simu ya Android na iPhone. Msimbo wa majaribio yake ni mkubwa mara mamia kuliko msimbo wenyewe, na watunzaji wake wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Kwa programu ya mezani, ya simu, au hata tovuti yenye wasomaji wengi na waandishi wachache, naanzia hapo. Udhaifu wake unajulikana: mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja, na kwa desturi yake hailazimishi aina za data kwa ukali kama PostgreSQL, ingawa tangu mwishoni mwa 2021 unaweza kuyatangaza majedwali yako kuwa makali. Natangaza kila mara.

Kuhusu lugha, nina maneno machache kuliko inavyotarajiwa. Lugha haina uzito ambao mabishano yanaupa. Instagram iliponunuliwa na Facebook kwa dola bilioni 1, Aprili 2012, ilikuwa na wafanyakazi 13 na makumi ya mamilioni ya watumiaji, na iliendeshwa kwa lugha ya Python, fremuweki yake Django, na PostgreSQL. Hakuna aliyewaambia Python ni ya polepole wakaacha kazi.

Ninachokitazama ni mambo mawili. La kwanza ni ahadi ya lugha kwa msimbo wa zamani. Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikavunja upatano na Python 2, na ya pili ikaendelea kuhudumiwa hadi 1 Januari 2020. Miaka 11 ya kuhama, timu nyingi zikiandika upya msimbo uliokuwa mzima. Upande wa fremuweki, AngularJS ya 2010 ilifuatwa mwaka 2016 na Angular mpya isiyofanana nayo, na waliojenga juu ya ile ya kwanza walilazimika kuanza upya au kubaki na kitu ambacho huduma yake ilikoma mwishoni mwa 2021. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na wengi waliutandika msala huo wakaukalia. Go ilichukua njia nyingine: toleo la kwanza kamili lilitoka Machi 2012 pamoja na ahadi kwamba msimbo ulioandikwa kwa toleo hilo utaendelea kukubaliwa na matoleo yote ya Go 1. Ahadi hiyo imeshikwa hadi leo.

La pili ni jinsi lugha inavyolibeba kosa. Go hulaumiwa kwa kukulazimisha uandike "if err != nil" (yaani, kama kuna kosa) kila baada ya mistari miwili, na kweli inachosha macho. Nimeizoea, na zaidi ya hapo naithamini: kila mahali panapoweza kushindwa pameandikwa waziwazi, na anayekagua msimbo anaona mara moja pale ambapo mwenzake hakufikiria itakuwaje faili likikosekana. Lugha inayolirusha kosa juu bila kulitaja hukupa msimbo msafi na usiku mrefu. Lugha ya Rust inakwenda mbali zaidi kwa kuzuia aina nzima za makosa kabla programu haijaanza kukimbia, na ningekuwa natengeneza kivinjari au mfumo wa uendeshaji ningeichukua bila kusita. Kwa programu ya kupokea fomu na kutoa ripoti, muda inaoutaka kwangu ni mwingi mno.

JavaScript, lugha ya vivinjari, iliandikwa na Brendan Eich kwa siku 10 mwaka 1995, na dunia imeishi na matokeo yake. TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, inaitibu kwa kiasi kikubwa, mradi ukumbuke kwamba aina za data unazozitangaza hufutwa kabla programu haijaanza kukimbia. Ukiandika kwamba jibu kutoka kwa seva lina jina na umri, hakuna anayelihakiki jibu halisi lilipofika. Data yoyote ya nje lazima ikaguliwe kwa mkono au kwa maktaba ya ukaguzi. Bila hivyo umejiahidi tu mwenyewe. Na kabla ya yote hayo, nauliza kama ukurasa unahitaji msimbo mwingi kwenye kivinjari. Kurasa nyingi ni jedwali, fomu na kitufe. Seva inaweza kuzitengeneza na kuzituma zikiwa kamili, na likitokea kosa unalitafuta upande mmoja badala ya miwili.

Kihariri sina cha kusema sana. Tangu Microsoft ilipotangaza mwaka 2016 ile itifaki ya LSP, inayounganisha kihariri na programu ya kuchambua msimbo, akili inayokuonyesha makosa na maana za majina inakaa nje ya kihariri, na mtu wa Vim anapata msaada uleule anaopata mtu wa VS Code. Tumia ulichokizoea.

Suala la maktaba za kuazima linanigusa zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapobeba mizigo tusiyoifahamu. Machi 2016 mwandishi mmoja, baada ya mzozo juu ya jina la kifurushi, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa siku hiyo, na wengi wa walioathirika hawakuwahi kukisikia kifurushi hicho. Kilikuja kimebebwa na kingine, kilichobebwa na kingine tena. Mwaka 2024 ukaja mkasa mzito zaidi. Ndani ya xz, maktaba ya kubana data iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, mtu aliyejenga uaminifu kwa miaka kadhaa kama mtunzaji alipachika mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, alipoona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida na akakataa kulipuuza. Hebu fikiria: usalama wa mashine nyingi kiasi hicho uliokolewa na mtu mmoja aliyesumbuliwa na nusu sekunde.

Kwa hiyo kabla sijaongeza maktaba nafungua msimbo wake. Ikiwa ninachokihitaji ni mistari arobaini, naiandika mwenyewe na kuiwekea majaribio. Ikiwa ni usimbaji wa siri, au kalenda na majira ya dunia, naazima bila kufikiri mara mbili, kwani hayo ni mambo ambayo mtu peke yake huyaharibu. Leseni nayo naisoma. Terraform, zana ya kuandaa seva, ilibadilishiwa leseni Agosti 2023 na Redis, hifadhi ya data ya haraka, Machi 2024, na katika kila tukio jamii ya watumiaji iligawanyika na kuanzisha tawi lake: OpenTofu kwa ile ya kwanza, Valkey kwa ya pili. Matawi hayo yaliwezekana kwa sababu msimbo wa awali ulikuwa huria. Huduma iliyofungwa haitoi nafasi hiyo. Parse, iliyowapa watengenezaji wa programu za simu seva iliyo tayari, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2013, ikatangazwa kufungwa Januari 2016, na mwaka mmoja baadaye ikazimwa. Wamiliki wake walifanya jambo la heshima kwa kuuachia msimbo wa seva uwe huria. Si kila anayefunga duka hufanya hivyo.

Git wengi huitumia kama ghala la kuhifadhia kazi, na hapo huishia. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, na thamani yake kubwa naiona siku ya matatizo. Chukua mfano huu. Jumla kwenye ankara imeanza kupotea kwa senti moja, na hakuna anayejua tangu lini. Toleo la mwaka jana lilikuwa sahihi, la leo si sahihi, na katikati kuna mabadiliko elfu moja. Unaandika jaribio dogo linalotengeneza ankara hiyo na kulinganisha jumla. Kisha unaiambia git bisect toleo gani zima na lipi bovu, na kuikabidhi jaribio lako. Inaruka katikati ya historia, inalikimbiza, inaitupa nusu isiyohusika, inaruka tena katikati ya iliyobaki. Mabadiliko elfu moja huisha kwa hatua kama kumi. Mwisho inakutajia badiliko moja: siku fulani, mtu fulani alibadilisha kiasi cha fedha kutoka namba kamili za senti kwenda namba za desimali za kompyuta, zile ambazo 0.1 ukijumlisha na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Yote haya yanategemea sharti moja: kila badiliko lililohifadhiwa liwe dogo na liwe linajengeka. Anayehifadhi kazi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja wenye maelezo "marekebisho" ameiua zana hii kwa mikono yake.

Wasaidizi wa akili unde wameingia kazini kwa kasi tangu GitHub Copilot ilipotoka kwa majaribio mwaka 2021. Nawatumia, hasa kwa majaribio na kwa lugha nisizozigusa kila siku. Lakini wanavyozidi kuandika kwa wingi, ndivyo ninavyozidi kuzitaka zana zinazokataa. Msaidizi huandika kosa kwa ufasaha uleule anaoandikia sahihi, na macho ya mkaguzi huchoka ifikapo faili la ishirini. Kompaila, programu inayokagua msimbo na kuutafsiri kwa lugha ya kompyuta, haichoki. Sharti kwenye jedwali halijali nani aliandika msimbo.

Imebaki kupeleka programu kwa watumiaji. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi uliotoka Google mwaka 2014, ni kazi kubwa ya kihandisi kwa wenye mashine nyingi na watu wa kuzisimamia. Timu ya watu wanne inayoichukua mapema hujikuta ikiitumikia. Seva moja nzuri, programu ya Go iliyo faili moja, PostgreSQL pembeni, na nakala rudufu za data. Hivyo unaweza kuwahudumia watu wengi kuliko unavyodhani.

Kuhusu nakala rudufu, GitLab walitupa somo waliposimulia kila kitu hadharani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alidhani yuko kwenye seva ya akiba, akafuta data kwenye seva kuu. Walipogeukia njia zao tano za kujikinga, hakuna iliyokuwa tayari kuwaokoa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea.

Tangu niliposoma taarifa hiyo, kila mradi ninaoujenga una kazi ya usiku inayochukua nakala ya karibuni, inairejesha kwenye hifadhidata tupu, inahesabu safu mlalo za majedwali makuu, na kunitumia namba hizo. Inanitumia hata pale kila kitu kinapokwenda sawa, ili asubuhi nisipoiona namba nijue kuna jambo. Ni mistari michache ya skripti, naiandika wiki ya kwanza ya mradi, kabla ya ukurasa wa kuingia haujapata rangi.